NIA NJEMA BILA HESABU: JE, INATOSHA?

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:



Ijumaa hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la dini. Wakisikia neno mpango, au bajeti, au hesabu ya mwaka, husema: hayo ni mambo ya ofisi, ni makaratasi ya kuombea fedha kwa Wazungu. Sisi tunasema kwamba ni mambo ya dini, na tutaulizwa juu yake. Swali letu ni hili: watu wamekusanyika kwa ajili ya Mungu ili kuwasaidia vijana. Wakaanza kazi kwa nia safi, bila kupanga wala kuhesabu, kisha kazi ikafa njiani. Je, nia yao safi inawatosha? Au wana deni kwa wale vijana?

JAMBO TULILOLIONA KWA MACHO

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika komite moja ya watu wema waliotaka kuwatoa vijana katika machimbo. Mfanyabiashara mmoja alitupa mashini tano za kushona kuwa sadaka. Mwingine akatupa chumba bila kodi. Tukatangaza baada ya sala ya Ijumaa, wakaja vijana 30. Hatukumrudisha hata mmoja, kwa sababu tuliona haya kumfukuza mhitaji, na kwa kweli wingi wao ulitufurahisha. Mwezi wa kwanza uzi na vitambaa vilitoka mifukoni mwetu. Mwezi wa tatu mwalimu alikuwa hajalipwa. Mwezi wa nne mwenye chumba akakihitaji chumba chake. Tukafunga mlango, tukasema: ndiyo kadari ya Mungu, na kila mtu atalipwa kwa nia yake.

Baada ya muda nilikutana na mmoja wa vijana wale njiani, amebeba mfuko wa mawe begani. Akaushusha, akanisalimu kwa adabu. Nikamuuliza habari zake. Akaniambia: "Shehe, nilipokuja kwenu nafasi yangu katika shimo niliiacha, akaichukua mwingine. Niliporudi haikuwepo tena. Sasa mimi ni mbebaji tu." Hakunilaumu. Aliinua mfuko wake akaenda.

Ndugu zangu, maneno yale hayakuniacha nilale. Sisi tulidhani kwamba tumetoa sadaka ambayo haikufika. Kumbe tulimwondolea mtu kitu alichokuwa nacho. Kijana wa machimbo anakula kile alichochimba leo. Unapomwambia aje kwako miezi tisa ajifunze kazi, unamwomba aache chakula cha leo kwa ahadi yako ya kesho. Ukifunga mwezi wa nne, gharama ya kosa lako ameilipa yeye, pamoja na mama yake na wadogo zake. Basi ahadi ile haikuwa zawadi. Ilikuwa amana, na amana hulindwa.

JE, KUPANGA NI KUPUNGUKIWA NA TAWAKKUL?

Wako watakaosema: Shehe, Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku, sisi tuanze tu, Yeye ataleta. Maneno haya yana sura ya imani, lakini tuyapime kwa Sunna.

Mnaijua habari ya yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Mungu. Mtume (S.A.W.) alimfundisha amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Tena itazameni Hijra. Hakuna mja aliyemtegemea Mungu kumpita Mtume wetu. Hata hivyo siku ile hakutoka ovyo. Alielekea kusini, kwenye pango la Thawr, hali Madina iko kaskazini. Alikaa humo siku tatu. Palikuwa na mtu wa kuleta habari za mji, palikuwa na chakula kilichoandaliwa na Asma binti Abi Bakr (R.A.), palikuwa na kondoo wa kufuta nyayo, na palikuwa na kiongozi wa njia aliyelipwa mshahara, naye hakuwa Muislamu. Huo ni mpango uliokamilika. Na ndani ya pango, walipofika maadui mlangoni, ndipo ilipoonekana tawakkul yenyewe.

Mtazameni pia Nabii Yusuf (A.S.). Aliifasiri ndoto ya mfalme, kisha akaweka mpango wa miaka 14: saba ya kulima na kuweka akiba, saba ya kutumia akiba ile kwa kipimo. Alipoomba kusimamia hazina alitaja sifa mbili, kwamba ni mlinzi na kwamba ni mjuzi. Sifa mbili, si moja. Komite yetu ilikuwa na ulinzi, hakuna aliyeiba hata franka moja. Ujuzi haikuwa nao. Mtu mwaminifu asiyejua hesabu anaweza kuipoteza amana kama anavyoipoteza mwizi, tofauti ni kwamba yeye hulia baadaye.

MTU WA SHOKA

Sasa tazameni hadithi moja iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, kwa maana ndani yake umo mpango mzima wa kumsaidia mhitaji.

Mtu mmoja katika Answari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume hakumpa kitu papo hapo. Alimuuliza kwanza nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna nguo moja nzito, nusu wanaivaa na nusu wanaitandika, na kikombe cha kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza nani atazidisha, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Akampa mwenyewe dirhamu zile: moja anunue chakula cha watu wake, moja anunue shoka alilete. Shoka lilipokuja, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni auze, na asimwone kwa siku 15. Mtu yule akarudi ana dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Hesabuni mambo yaliyomo humu. Kwanza, alianza na kile kilichopo nyumbani, si kile kilichoko kwa wafadhili. Pili, chakula kilitangulia shoka, kwa sababu mwenye njaa hawezi kujifunza kazi, na watoto wake hawangoji. Tatu, chombo alichopewa kilikuwa na soko: Madina watu walihitaji kuni kila siku. Nne, palikuwa na muda uliotajwa. Tano, alirudi na hesabu ikatazamwa. Na juu ya yote hayo, Mtume alitia mpini yeye mwenyewe, hakumtupia mtu chuma akamwambia nenda.

Sasa tuipime komite yetu. Hatukuuliza vijana wana nini. Hatukuweka chakula. Hatukuuliza nani atanunua nguo zao, na masoko ya Likasi yamejaa nguo za mitumba. Hatukutaja muda wala hatukutazama hesabu. Tulikuwa na mashini tu, yaani chuma bila mpini.

TUHESABU PAMOJA

Chukueni mfano. Namba hizi ni za mfano tu, kila jumuiya iweke zake. Tuseme tunataka kuwafundisha vijana 10 useremala kwa miezi 9. Kila kijana apate chakula cha mchana cha franka 3,000, siku 22 kwa mwezi. Hiyo peke yake ni franka 5,940,000. Mwalimu alipwe franka 400,000 kwa mwezi, jumla 3,600,000. Mbao, misumari na gundi 200,000 kwa mwezi, jumla 1,800,000. Zote pamoja ni franka 11,340,000. Na tuseme sanduku letu linapata franka 150,000 kila wiki. Kwa wiki 39 ni 5,850,000. Ni karibu ya nusu.

Mtu atasema: basi tuchukue vijana 5, nusu yao. Haya, tuhesabu tena. Chakula ni 2,970,000. Mbao ni 900,000. Lakini mwalimu ni yule yule, 3,600,000, kwa maana hamwezi kumkata mtu vipande viwili. Jumla ni 7,470,000. Bado franka 1,620,000 hazipo. Jambo hili halionekani kwa macho wala kwa nia, linaonekana kwa kalamu tu.

Tuseme tena kwamba kuanzia mwezi wa nne vijana wanatengeneza viti na meza za kuuza, na baada ya kununua mbao za ziada panabaki franka 270,000 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ni 1,620,000. Je, tumemaliza? Bado. Katika miezi 3 ya kwanza tunatumia 830,000 kila mwezi na kupata 650,000. Tunapungukiwa 180,000 mara tatu, yaani 540,000. Fedha hizo lazima ziwe sandukuni kabla ya siku ya kwanza. Kama hazipo, kazi itakufa kabla kiti cha kwanza hakijauzwa. Kumbukeni komite yetu ilikufa mwezi wa ngapi.

MGUU MMOJA HAUTOSHI

Jambo lingine. Fedha za sanduku letu zinatoka wapi? Hapa kwetu karibu zote zinatoka katika mawe, kwa njia moja au nyingine. Anayechimba, anayebeba, anayenunua, na mama anayewauzia bukari. Mwaka 2018 bei ya kobalti katika soko la dunia ilipita dola 90,000 kwa tani. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Mwezi wa pili mwaka 2025 serikali yetu ilisimamisha kwa muda kupeleka kobalti nje. Siku kama hizo sanduku hukauka, na siku hizo hizo ndipo vijana wengi zaidi hugonga mlango wetu. Jumuiya inayotegemea sanduku peke yake itaanguka siku ile ile inapohitajiwa.

Wazee wa Likasi hawahitaji kufundishwa somo hili. Waliona Gécamines inalisha, inasomesha na kutibu. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Miaka ya 1990 haikufikisha hata sehemu ya kumi ya hizo katika miaka mingine, na pamoja na shaba vikaanguka shule, hospitali na posho ya unga. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kupewa fedha mara moja mkononi. Wengi wa vijana wanaoshuka mashimoni leo ni watoto na wajukuu wa watu wale. Mji mzima ulisimama kwa mguu mmoja. Tusijenge jumuiya ya vijana kwa namna hiyo hiyo.

Uislamu umetupa mguu wa pili, nao ni wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata shamba bora la Khaybar alimuuliza Mtume (S.A.W.) alifanye nini. Akaelekezwa azuie shina na atoe matunda. Shamba lile halikuuzwa, halikurithiwa, mazao yake yakaenda kwa maskini na wasafiri, na msimamizi aliruhusiwa kula humo kwa kiasi cha wema. Angalieni jambo hili la mwisho: kumlipa anayefanya kazi si aibu, ni katika sharti la wakfu wenyewe.

Mfano wa zama zetu uko pwani. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walianza mpango wa shule za awali za madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na mwalimu Bi Swafiya Said akiwa mbele. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Zile ni shule za watoto wadogo, lakini somo ni moja. Mtaa haukusaidiwa kabla haujaunda komite yake na kutia sahihi mapatano: sisi tutafanya hili, ninyi mtafanya lile, kwa muda huu. Baadaye shule nyingi zikawekewa mfuko. Watu wa mtaa walichanga, mfadhili akaongeza, fedha zikawekezwa, na faida yake ndiyo iliyosaidia shule baada ya mfadhili kuondoka. Hiyo ni njia ya Khaybar: shina limezuiwa, matunda yanaliwa.

Nasi tunaweza. Si lazima shamba. Mashine ya kusaga mahindi, vyumba viwili vya kupangisha, viti vya kukodisha kwa harusi na misiba. Wengine watauliza: je, jumuiya isiyotafuta faida inaruhusiwa kuuza? Sheria ya nchi yetu juu ya mashirika kama haya, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inakubali kazi ya biashara ikiwa ni ya pembeni tu, na inakataza wanachama kutafuta humo faida yao. Maana yake, ziada irudi katika kazi, isigawiwe kama likelemba. Na fedha zisichanganywe. Zaka ina watu wake wanane, na mafakihi wengi wanataka ifike mkononi mwao, haijengi paa. Sadaka ina kaye yake, wakfu una kaye yake, na deni liandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka juu ya kuandika deni. Hiyo peke yake ingetosha kuwa khutba.

JE, TUMFUNGIE KIJANA MLANGO?

Sasa tumefika kwenye swali gumu. Hesabu imesema vijana 5, na mlangoni wamesimama 30. Je, ni halali kuwarudisha 25? Moyo unasema hapana, na mimi nilikuwa upande wa moyo. Leo nasema: kumwambia mtu kweli kwamba huna nafasi ni kumhuzunisha, lakini hukumdhulumu. Nafasi yake shimoni bado anayo, na ataendelea kutafuta kwingine. Kumkaribisha mahali usipoweza kumfikisha, hiyo ndiyo dhulma, hata kama umemkaribisha kwa tabasamu. Waandikeni wale 25 kwa majina. Wapeni kipimo cha haki cha kungoja: yatima kwanza, na anayelisha wadogo zake, si mtoto wa mjumbe wa komite. Na awamu ya kwanza ikimaliza, muwaite.

Lakini tujihadhari na kosa la upande wa pili. Kuna wanaopanga miaka mitatu, mkutano juu ya mkutano, soda na mandazi, na shoka halijanunuliwa. Mpango usioanza nao ni uongo. Mtume alimpa yule mtu siku 15, hakumpa semina.

Basi nia njema inatosha? Kwa yule aliyefanya juhudi yake yote kisha Mungu akakadiria vingine, tunataraji ujira kamili. Kwa yule aliyeweza kuhesabu na asihesabu, nia yake iko kwa Mungu, na deni liko kwa kijana. Mimi deni langu nimelijua. Nilimtafuta kijana yule nikamwomba msamaha, akasamehe kabla sijamaliza maneno. Mola amlipe kheri. Lakini msamaha wake haukumrudishia nafasi yake.

Ndugu zangu, mkiombwa mchango kwa ajili ya vijana, toeni, wala msizuie mikono kwa sababu ya maneno haya. Ila ulizeni maswali matatu: Watakula nini wakati wa kujifunza? Nani atanunua kazi ya mikono yao? Sanduku likikauka, kazi itasimama juu ya nini? Komite ikijibu kwa kaye, iongezeeni. Ikijibu kwa maneno matupu, kaeni nayo muandike pamoja. Na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti, asome mkubwa na mdogo.

Ewe Mola wetu, tupe nia safi na utupe ujuzi wa kuilinda. Wahifadhi vijana wetu walioko chini ya ardhi, warudishe kwa mama zao salama. Utusamehe ahadi tulizozitoa bila kuzipima, na utujaalie kuzitimiza zile zilizobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

TANBIHI: Karatasi hii ina majina matukufu, usiitupe chini. Usiisome wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Ukimaliza, mpe jirani yako.